Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuata uvimbe wa watoto kutoka Mulago hadi maabara za London

Desemba 5, 1963, ndege iliyotoka Uganda ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu mzito, ikaelekezwa Manchester. Ndani yake kulikuwa na kichupa kidogo chenye kipande cha uvimbe kilichokatwa kutoka kwa mtoto mmoja wa Uganda. Kilipofika maabara, saa nyingi baada ya muda uliopangwa, maji yaliyokihifadhi yalikuwa yamechafuka kama maji yaliyoingiwa na bakteria.

Kwa kawaida, sampuli ya namna hiyo hutupwa. Lakini Dk Anthony Epstein, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa akipokea vichupa kama hivyo bila mafanikio, alichukua tone moja na kuliweka chini ya hadubini. Hakuona bakteria. Aliona seli za saratani zikielea, zikiwa hai.

Seli hizo za mtoto wa Uganda ndizo zilizoifungua njia ya kutambua virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Na safari yao haikuanzia uwanja wa ndege wa Entebbe. Ilianza miaka sita kabla yake, katika wodi ya watoto ya Hospitali ya Mulago, Kampala, pale daktari mmoja wa upasuaji aliyekuwa na jicho moja tu alipoitwa kutoa ushauri kuhusu mtoto mwenye taya zilizovimba.

Daktari huyo aliitwa Denis Parsons Burkitt. Zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake, jina lake linaendelea kutajwa kila siku katika wodi za saratani za Afrika.

Mtoto wa mhandisi aliyependa ndege

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa kaunti aliyeshughulikia barabara na madaraja. Katika muda wake wa mapumziko alikuwa na kazi nyingine aliyoipenda mno: kuchunguza ndege. Aliwavisha ndege wadogo pete miguuni, kisha akachora ramani ya eneo ambalo kila mmoja alilimiliki. Ilikuwa ni mbinu ngeni wakati huo, na wataalamu wa ndege wanaikumbuka hadi leo.

Mtoto wake hakurithi mapenzi ya ndege, lakini alirithi ramani.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto. Miwani yake ilivunjika na vipande vya kioo vikaingia jichoni. Jicho la kulia lilipotea, na tangu siku hiyo aliishi na jicho la bandia.

Alipoingia Chuo cha Trinity mjini Dublin mwaka 1929, alianza kusomea uhandisi kama baba yake. Huko alijiunga na kikundi cha wanafunzi Wakristo waliokuwa wakikutana kusoma Biblia na kuomba, na imani aliyoipata pale ndiyo iliyomwongoza maisha yake yote. Aliacha uhandisi, akageukia udaktari, akahitimu mwaka 1935. Miaka mitatu baadaye alifuzu kuwa daktari wa upasuaji huko Edinburgh.

Alitaka kufanya kazi Afrika. Aliomba kupelekwa Afrika Magharibi katika utumishi wa kikoloni, akakataliwa. Sababu ilikuwa jicho lake: wakubwa waliona kwamba daktari wa upasuaji mwenye jicho moja hafai kutumwa mbali.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1941 alijiunga na kikosi cha matibabu cha jeshi la Uingereza, akahudumu Kenya na Somalia miongoni mwa maeneo mengine. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi, na baadaye walijaliwa mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena utumishi wa kikoloni, safari hii akitaja Uganda. Mwaka 1946 alikubaliwa.

Mabusha ya Lango

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Huko alikuwa daktari wa kila kitu: upasuaji, uzazi, mifupa iliyovunjika, homa za watoto.

Miongoni mwa wagonjwa waliomjia kwa wingi walikuwa wanaume wenye mabusha. Burkitt aligundua jambo ambalo wengine hawakulijali. Wanaume wa mashariki mwa wilaya walikuwa na tatizo hilo mara nyingi kuliko wale wa magharibi. Akaanza kuhesabu, akachora ramani, kisha akahusisha tofauti hiyo na ugonjwa wa minyoo ya filaria, ambayo huenezwa na mbu na ndiyo inayosababisha matende na mabusha. Matokeo yake aliyachapisha katika jarida la kitabibu.

Haukuwa ugunduzi wa kuishangaza dunia. Lakini ulimfundisha jambo moja: kujua ugonjwa uko wapi, na hauko wapi, ni nusu ya kujua unatokana na nini.

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, iliyokuwa pia hospitali ya mafunzo ya Chuo cha Makerere.

Watoto wawili, taya nane

Mwaka 1957, Dk Hugh Trowell, bingwa wa magonjwa ya ndani anayekumbukwa kwa utafiti wake kuhusu kwashiakoo, alimwita Burkitt aje amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wake ulikuwa umevimba pande zote nne: taya la juu kulia na kushoto, taya la chini kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na kukaa ovyo.

Burkitt alishangaa. Maambukizi ya mfupa hayawezi kuanza kwenye pembe nne za taya kwa wakati mmoja. Saratani za kawaida pia hazifanyi hivyo. Alipiga picha, akaandika alichokiona, na hakuwa na jibu.

Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, mji ulio kando ya Ziwa Victoria, alikokwenda kuwaona wagonjwa. Alipotupa jicho nje ya dirisha alimwona mama na binti yake mdogo wamekaa kwenye nyasi. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba namna ileile, pembe zote nne. Alitoka nje haraka kumpima. Tumboni mwa binti huyo kulikuwa na uvimbe mwingine.

Mtoto mmoja ni jambo la ajabu. Watoto wawili ni swali.

Burkitt alirudi Mulago na kuanza kupekua majalada ya wagonjwa. Aligundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini, ovari au tezi za shingoni. Madaktari walikuwa wameuandika kila uvimbe kama ugonjwa wake, kulingana na kiungo ulipoonekana. Yeye aliona kwamba ulikuwa ugonjwa mmoja.

Mwaka 1958 alichapisha ripoti ya wagonjwa 38 katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Karibu hakuna aliyeijali. Lakini hapohapo Mulago kulikuwa na wataalamu wa patholojia, wakiwamo Jack Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, waliokuwa wakifanya hesabu zao wenyewe. Rejista ya saratani ya Kampala iliwaonyesha kwamba karibu nusu ya saratani za watoto zilikuwa za aina hiyo moja. Chini ya hadubini zilifanana: zilikuwa limfoma, saratani ya seli za kinga za mwili.

Na haukuwa ugonjwa mpya. Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha kumbukumbu na michoro ya wagonjwa wenye uvimbe kama huo. Ulikuwepo siku zote. Hakuna aliyekuwa ameviunganisha vipande vyake.

Kwa wazazi, mjadala huo wa kitaalamu haukuwa na maana kubwa. Walichokijua ni kwamba uvimbe huo ulikua kwa kasi ya kutisha. Sasa inafahamika kwamba ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote za binadamu, na zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Jino hulegea, shavu huvimba, na ndani ya miezi michache mtoto hufariki. Burkitt alijaribu kuukata uvimbe. Upasuaji uliharibu nyuso za watoto, na saratani ilirudi.

Kilomita 16,000 kwa gari kuukuu

Kwa kuwa kisu hakikusaidia, Burkitt alirudi kwenye ramani.

Alipata ruzuku ndogo ya serikali, akachapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wenye uvimbe, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika. Swali lake lilikuwa rahisi: mmewahi kuuona ugonjwa huu? Majibu yalipofika alichomeka pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani. Pini zikajipanga kama mkanda kuvuka katikati ya bara, kutoka magharibi hadi mashariki, kisha zikashuka kama mkia upande wa mashariki kuelekea Msumbiji.

Alitaka kujua mkia huo unaishia wapi, na kwa nini. Oktoba 1961 aliondoka Kampala akiwa na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alikuwa mmisionari katika hospitali ya Kuluva, West Nile, na alikuwa na sifa nyingine muhimu kwa safari hiyo: alijua kutengeneza magari. Gari lenyewe lilikuwa Ford la mwaka 1954 lililonunuliwa likiwa limeshatumika.

Kwa majuma kumi walisafiri takriban kilomita 16,000, wakapita Tanganyika na kuendelea kusini mwa bara, wakitembelea hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika walitoa picha na kuuliza swali lilelile. Usiku waliandika majibu.

Waliporudi, picha ilikuwa wazi. Karibu na ikweta, ugonjwa ulitoweka kwenye nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, kikomo hicho kilishuka. Hivyo, kilichozuia ugonjwa hakikuwa mwinuko wenyewe. Ilikuwa baridi. Uvimbe ulionekana pale tu ambapo joto halishuki sana na mvua ni ya kutosha.

Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alipoiona ramani hiyo aliitambua. Ilifanana na ramani za magonjwa yanayoenezwa na mbu, kama homa ya manjano. Je, inawezekana saratani ya watoto ikawa inasababishwa na virusi?

Mhadhara uliobadilisha kila kitu

Miezi kadhaa kabla ya safari hiyo, Machi 22, 1961, Burkitt alikuwa likizo Uingereza na alialikwa kutoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Hakuwa profesa mashuhuri. Alionyesha picha zake na kueleza alichokiona Uganda.

Miongoni mwa wasikilizaji alikuwa Epstein, mtafiti kijana aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Alipomsikia Burkitt akieleza saratani inayofuata joto na mvua, aliamua papo hapo kuacha kazi aliyokuwa nayo. Wawili hao walikubaliana: Mulago ingetuma vipande vya uvimbe kwa ndege, na London ingetafuta virusi.

Kwa zaidi ya miaka miwili hawakupata kitu. Hadubini ya elektroni haikuonyesha virusi vyovyote ndani ya vipande hivyo. Epstein aliona kwamba huenda virusi vilikuwa vimejificha, na vingeonekana tu ikiwa seli za saratani zingekuzwa nje ya mwili, mbali na kinga ya mgonjwa. Lakini seli za damu za aina hiyo hazikuwa zimewahi kukuzwa kwa muda mrefu maabara. Zilikufa.

Ndipo ukungu wa Desemba 1963 ukaingilia kati. Mtikisiko wa safari ndefu ulikuwa umezitikisa seli zikatengana na kipande cha nyama na kuelea kwenye maji. Epstein alibaini kwamba huenda ndivyo zilivyopenda kuishi. Pamoja na Yvonne Barr, mtaalamu wa kukuza seli, aliacha kuzibandika kwenye kioo kama ilivyokuwa desturi, akaziacha zielee. Zilianza kuzaliana.

Mwanzoni mwa 1964, zikiwa zimetosha, ziliwekwa chini ya hadubini ya elektroni. Ndani ya moja ya seli za kwanza kuangaliwa, virusi vilikuwepo, vya familia ya herpesi, ambavyo havikuwa vinajulikana. Epstein, Barr na Bert Achong walitangaza matokeo yao katika jarida la The Lancet Machi 28, 1964. Virusi hivyo vikaitwa Epstein-Barr.

Seli ambazo hazina jina la mwenyewe

Ukoo wa kwanza wa seli hizo uliitwa EB, kwa herufi za Epstein na Barr. Ugonjwa ukaitwa limfoma ya Burkitt. Mtoto wa Uganda ambaye mwili wake ndio uliotoa seli hizo hakuingia katika jina lolote.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo ni vyema kujua tofauti ya aina mbili za seli zinazotumika katika utafiti wa tiba. Aina ya kwanza ni seli za msingi, yaani zile zinazotolewa moja kwa moja kwenye mwili wa mtu: kipande cha pafu, cha mshipa wa damu, cha ngozi au cha uvimbe. Zinafanana sana na zilivyokuwa mwilini, ndiyo maana watafiti huzithamini. Lakini huchoka. Mwaka 1961, mwaka uleule wa safari ya Burkitt, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha huko Philadelphia kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika takriban mara 50, kisha hukoma.

Aina ya pili ni koo za seli, zile zilizovuka kikomo hicho na kuendelea kuzaliana bila mwisho. Seli za limfoma ya Burkitt ziliweza kufanya hivyo. Koo kadhaa zilizotokana na wagonjwa wa Afrika bado zinakuzwa katika maabara za dunia, zaidi ya miaka 60 baadaye.

Katika zama hizo, kumwomba mgonjwa au mzazi ridhaa ya maandishi kabla ya kutumia nyama yake katika utafiti halikuwa jambo la kawaida, iwe Kampala, London au Marekani. Leo sheria na kamati za maadili zinataka mgonjwa aelezwe na akubali. Swali la nani anafaidika na seli zilizotoka Afrika halijapata jibu la kuwaridhisha wote.

Hata hivyo, kwa Burkitt deni kwa watoto hao lilikuwa la kulipwa kwa njia moja: kuwaponya.

Dawa iliyoyeyusha uvimbe

Kampala haikuwa na mashine za mionzi. Katika nchi tajiri, mionzi ndiyo ilikuwa tiba ya kwanza kwa uvimbe kama huo. Upungufu huo ulimlazimu Burkitt kujaribu kitu kingine: dawa za saratani, ambazo wakati huo zilikuwa bado changa. Joseph Burchenal na wenzake wa New York walimsaidia kuzipata.

Matokeo yalishangaza. Uvimbe uliokuwa umefunika nusu ya uso wa mtoto uliyeyuka ndani ya siku chache, wakati mwingine baada ya dozi chache tu, au hata moja. Si wote waliopona, na kwa wengine ugonjwa ulirudi. Lakini baadhi ya watoto walirudi nyumbani, wakakua. Limfoma ya Burkitt ikawa miongoni mwa saratani za kwanza kuonyesha dunia kwamba dawa pekee, bila kisu wala mionzi, inaweza kuponya.

Mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya Burkitt kuondoka Uganda, kituo cha tiba ya limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani, kikiongozwa na Dk John Ziegler. Kituo hicho ndicho kilichokuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Miaka ya 1970 uongozi wake ulishikwa na Mganda, Dk Charles Olweny, aliyeiendesha katika kipindi kigumu cha utawala wa Idi Amin.

Mbu alikuwemo, ila si alivyodhaniwa

Dhana ya kwamba mbu hueneza virusi vya saratani haikusimama. Ilibainika kwamba virusi vya Epstein-Barr huenea kwa mate, na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo. Wengi hawajui hata kama waliwahi kuambukizwa.

Kwa nini basi saratani iwe ya watoto wa ukanda wa joto wa Afrika? Jibu lililokubalika ni malaria. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, mwaka hadi mwaka, kinga yake huchoka na kushindwa kuvidhibiti virusi, huku seli zake za kinga zikichochewa kuzaliana kupita kiasi. Katika pilikapilika hizo, kosa linaweza kutokea ndani ya kromosomu za seli moja, na seli hiyo ikageuka saratani.

Uthibitisho kuhusu virusi ulitoka Uganda tena. Katika miaka ya 1970, watafiti wakiongozwa na Guy de Thé walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, kisha wakasubiri. Watoto wachache waliopata limfoma baadaye walikuwa tayari na kiwango kikubwa cha kingamwili dhidi ya virusi hivyo muda mrefu kabla ya kuugua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978.

Hivyo Haddow na Burkitt walikuwa wamekosea nusu na kupatia nusu. Mbu hakubeba virusi vya saratani, lakini alibeba malaria iliyovifungulia njia.

Kutoka saratani hadi ugali wa dona

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, miaka minne baada ya Uganda kupata uhuru. Angeweza kustaafu kwa heshima. Badala yake alianza kazi ya pili.

Alijiuliza kwa nini magonjwa aliyoyakuta kila siku Uingereza, kama kufunga choo, bawasiri, saratani ya utumbo mpana na ugonjwa wa kidoletumbo, alikuwa ameyaona kwa nadra sana katika miaka 20 ya upasuaji Afrika. Akarudia njia yake ya zamani: barua kwa hospitali za misheni, maswali mepesi, ramani. Hitimisho lake lilikuwa kwamba tofauti ilitokana na chakula. Waafrika wa vijijini walikula nafaka zisizokobolewa, maharagwe na mboga zenye nyuzinyuzi nyingi, wakati Wazungu walikula mkate mweupe na sukari.

Kitabu chake kuhusu nyuzinyuzi katika chakula, kilichotoka mwaka 1979, kilisomwa na watu wengi katika nchi mbalimbali. Baadhi ya wanasayansi walimlaumu kwa kurahisisha mambo, wakisema tofauti za maisha ya Afrika na Ulaya ni nyingi mno kulaumiwa jambo moja. Lakini ushauri wake wa msingi umebaki katika mwongozo wa lishe wa nchi nyingi.

Heshima zilikuja. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka huohuo akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker ya Marekani. Alifariki Machi 23, 1993, huko Gloucester, akiwa na umri wa miaka 82.

Kwa nini bado anatajwa

Kazi ya kukuza seli za binadamu nje ya mwili imepiga hatua kubwa tangu kichupa kile kilipokwama Manchester. Mwaka 1973, watafiti wa Marekani walieleza njia ya kukuza seli zinazotandaza ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, wakizitoa kwenye kamba za kitovu ambazo hutupwa baada ya mama kujifungua. Seli za mapafu nazo hukuzwa, nyingine zikitandazwa zikapakana na hewa kama zinavyopakana nayo kifuani. Kwa njia hiyo mtafiti anaweza kuona dawa, moshi au vumbi vinafanya nini kwa mtu bila kumgusa mtu.

Jambo hilo lina maana katika maeneo ya migodi kama Haut-Katanga. Kinsevere, takriban kilomita 30 kaskazini mwa Lubumbashi, ni mgodi wa wazi wa shaba, na popote mwamba unapolipuliwa na kusagwa, vumbi ni sehemu ya kazi. Vumbi lenye silika linapoingia ndani kabisa ya pafu, seli za ulinzi hulimeza, zikafa, na mahali pake pakabaki kovu. Hilo linajulikana kwa sababu watu waliziangalia seli hizo zikifa ndani ya chupa, na madaktari waliviangalia vifua vya wachimbaji.

Yote mawili yanahitajika, na hapo ndipo maisha ya Burkitt yana funzo. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wakazi wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kiwango kikubwa cha kobalti kwenye mkojo kuliko wanaoishi mbali. Ni swali lilelile la pini kwenye ramani: nani anaugua, na anaishi wapi?

Limfoma ya Burkitt haijaisha. Inaendelea kuwapata watoto katika ukanda ule ule wa joto na malaria, Kongo ikiwamo. Katika nchi tajiri, watoto wengi sana wanaoupata ugonjwa huo hupona. Barani Afrika wengi bado hufika hospitali wakiwa wamechelewa, au familia hushindwa nauli na gharama za kumaliza dozi. Dawa ambazo Burkitt alizitumia Mulago zaidi ya miaka 60 iliyopita ni miongoni mwa zinazotumika hadi leo.

Dalili za mwanzo pia ni zile alizoziona yeye: jino la mtoto linalolegea kabla ya wakati wake, shavu linalovimba bila maumivu, tumbo linalojaa kwa haraka. Kwa saratani inayoongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, mzazi anayemfikisha mtoto hospitali juma hili badala ya lijalo anaweza kuwa ameokoa maisha yake.